Ndugu Mhariri, kabla ya kupokea tangazo la "kupima mwili mzima", uliza damu inapelekwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31 katika jiji hili la Dar es Salaam. Nimestaafu, naishi Mbagala, na sijawahi kuandika gazetini mpaka leo. Kilichonifanya nishike kalamu ni tangazo lililotoka kwenye gazeti lako, kurasa za ndani, jirani na ratiba ya mechi: "Pima mwili mzima kwa dakika moja. Sukari, metali nzito, vitamini zote. Bila sindano, bila maumivu." Tangazo la namna hiyo nalisikia pia kwenye spika ya gari linalopita Rangi Tatu asubuhi, na karatasi zake zimebandikwa kwenye nguzo za umeme. Lakini dada yangu hakulisoma kwenye nguzo. Alilisoma kwako, na aliliamini kwa sababu lilikuwa gazetini.

Dada yangu ana miaka 63, anakaa Mtoni Kijichi. Kisukari anacho kwa miaka 12 sasa, na muda wote huo anameza metifomini asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana nyayo zikaanza kumfa ganzi. Aliniambia, "Mdogo wangu, nikivua kandambili sijui kama nimeivua mpaka nitazame chini." Usiku ni kinyume chake, nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili, hata shuka hataki liziguse. Kliniki anahudhuria kila mwezi. Anatobolewa kidole, sukari inaandikwa kwenye daftari, anapewa dawa, anaondoka. Alipotaja miguu aliambiwa, "Ni sukari hiyo, mama." Akaitaja tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakutaja.

Basi akaenda kwenye hiyo dakika moja. Ilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa alikuwa amebaki na mjukuu wake wa miaka 6, akamchukua na yeye akapimwe. Walikuta kijana mwenye koti jeupe, laptopu, na kikasha kidogo chenye waya unaoishia kwenye fimbo ya chuma. Unataja jina, umri, urefu na uzito, kijana anaandika, kisha unaishika fimbo kwa kiganja. Dakika ikiisha, printa inaanza kutoa karatasi. Kwa kila mtu Sh 30,000.

Wiki tano baadaye karatasi hizo zilikuwa mezani kwangu, 14 za dada na 14 za mtoto. Nilizisoma kwa miwani, polepole, kama nilivyozisoma karatasi za majibu maisha yangu yote. Ya dada ilisema metali ya risasi iko juu, zebaki iko juu, sukari imezidi kidogo, vitamini B12 ya kawaida. Mbele ya kila jina kuna namba ya desimali tatu, 0.643, 1.218, na kadhalika, lakini hakuna kipimo cha namba hiyo. Ni gramu? Ni milimoli? Kwa lita au kwa nini? Hakuna. Hakuna saa iliyochukuliwa sampuli, maana sampuli haikuwapo. Hakuna njia iliyotumika, hakuna sahihi ya mtaalamu wala namba yake ya usajili. Na ya mtoto, mvulana wa miaka 6, ilikuwa na ukurasa mzima wa hedhi na mirija ya uzazi, kwa sababu kijana alisahau kubadilisha jinsia aliyoiandika ya bibi yake. Mashine iliyokuwa inaupima mwili wa yule mtoto isingehitaji kuambiwa kuwa ni mvulana.

Kuhusu risasi, karatasi ya mtoto ilisema: kawaida. Naomba neno hilo ulikumbuke, nitalirudia.

Wasomaji wengi hawajawahi kuingia nyuma ya dirisha la maabara, na huko ndiko ukweli wa jambo hili uliko. Chukua sukari. Damu ikishatoka mwilini, chembe zake bado ni hai na zinaendelea kula sukari zikiwa ndani ya tyubu. Ukiiacha mezani, kila saa sukari inapungua kwa asilimia 5 hadi 7, na joto la Dar linazidisha. Ndiyo maana ipo tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ndani yake imewekwa floridi ya kuzizuia chembe zisile. Mtu anayechukua damu yako ya sukari kwa tyubu nyingine na kuiacha dirishani mpaka mchana atakupa jibu la uongo bila kukusudia. Ile sukari ya miezi mitatu inataka tyubu ya zambarau, na haipimi sukari iliyomo kwenye damu saa hiyo, bali sukari iliyojishikiza kwenye hemoglobini katika wiki nyingi zilizopita. Hata hiyo ina mipaka yake. Mtu mwenye selimundu chembe zake zinakufa mapema, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kuonyesha nafuu isiyokuwapo, na nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mtaalamu anayejua kazi atakuuliza kwanza.

Risasi ndiyo yenye masharti makali zaidi. Mtu ananawa mikono kwa sabuni, na ukimtoboa mtoto kidole bila kumnawisha vizuri unaweza kuwa umepima vumbi la ngozi yake, siyo damu. Tyubu yenyewe iwe imethibitishwa kuwa haina metali. Njia mojawapo ya kupima ni kuichoma damu kidogo ndani ya kibomba cha grafaiti mpaka igeuke mvuke, kisha kupitisha mwanga katikati yake. Atomi za risasi zinanyonya mwanga huo, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo zinavyonyonya zaidi. Na kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, kila siku, unaanza na sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana. Mashine ikikosea hiyo, hakuna jibu la mtu linalotoka.

Nakumbuka asubuhi moja, ilikuwa Jumatatu ya masika, sampuli ya udhibiti ya sukari ilikataa mara tatu mfululizo. Nje kulikuwa na wagonjwa zaidi ya 60, wengi hawajanywa hata chai kwa sababu waliambiwa waje na njaa. Matroni alikuja mlangoni kunifokea. Sikutoa jibu hata moja mpaka saa tano, tulipogundua kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kimeharibika kwa kukatika umeme usiku. Wagonjwa walinichukia siku ile. Lakini hakuna aliyeongezewa dawa kwa namba ya uongo.

Sasa linganisha na fimbo ya chuma kiganjani. Kitu pekee ambacho fimbo ya aina hiyo inaweza kukihisi ni jinsi ngozi inavyopitisha umeme, na hicho kinabadilika ukitokwa na jasho, ukikaza mkono, ukiwa umetoka kunawa. Risasi iliyomo kwenye damu haihisiki hivyo. Wala vitamini. Wala sukari.

Ningekuwa na hasira ndogo kama dada angepoteza Sh 30,000 tu. Lakini karatasi ile ni mlango wa duka. Kijana alimwambia metali zimejaa mwilini na kwamba "hizo dawa za hospitali ndizo zinazozijaza". Akamuuzia chupa tatu za kusafisha, Sh 240,000, akamwambia apumzike metifomini ili chupa zifanye kazi. Dada akapumzika. Wiki tano. Akaanza kuamka usiku mara nne kwenda msalani, mdomo umekauka, nguo zinamvuka. Binti yake akanipigia simu: "Mjomba, mama anakonda na anasema anapona." Nilikwenda jioni ile ile na kipimo changu cha nyumbani. Nilimtoboa kidole mwenyewe. Milimoli 19.4. Mtu akiwa hajala tangu usiku, sukari ikifika milimoli 7 kwa lita ni kiwango cha kisukari, na wakati wowote ikifika 11.1 kwa mwenye dalili, hivyo hivyo. Mkono wangu ulitetemeka na kile kijiti, Mhariri, na vidole nilivyotoboa kazini sina hesabu yake.

Asubuhi tulikuwa hospitali. Sukari ya miezi mitatu asilimia 10.2, wakati 6.5 tu inatosha kuitwa kisukari. Akarudishwa kwenye dawa zake na kuongezewa nyingine. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, labda ana miaka miwili kazini. Aliangalia nyayo, akagusa kidole gumba cha mguu kwa uzi wa plastiki, dada hakusikia. Kisha akauliza swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwa miaka 12: "Mama, metifomini umeanza lini?"

Maana metifomini, pamoja na wema wake wote, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Na B12 ikipungua, mishipa ya fahamu inaumia, nyayo zinakufa ganzi na kuwaka, sawasawa kabisa na kisukari kinavyofanya. Huwezi kuvitofautisha kwa macho. Damu ikachukuliwa, jibu likaja baada ya siku tatu: pikogramu 121 kwa mililita, na karatasi ikaeleza kwamba maabara ile inahesabu kawaida kuanzia 200. Ile ile B12 ambayo fimbo ya chuma iliiita ya kawaida. Alichomwa sindano za vitamini hiyo, mwanzoni mara kwa mara, sasa ni kila baada ya muda. Daktari alituambia wazi kwamba sehemu ya ganzi ni ya sukari na haitaondoka yote. Lakini juzi nilipokwenda Kijichi dada alisimama sebuleni, akafumba macho, akavua kandambili ya kushoto, akasema, "Nimeivua." Hakutazama chini.

Kipimo chenyewe, kile cha kweli, kiligharimu chini ya robo ya bei ya zile chupa.

Narudi kwa mtoto na neno "kawaida". Nyumba ya dada inapakana na ua wa jirani anayetengeneza chubwi za wavuvi, vile vizito vya kuzamishia nyavu na mishipi. Ni mzee mwema, ametusaidia kwenye misiba miwili. Ananunua betri za gari zilizokufa, anazipasua, anayeyusha risasi kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, anaimimina kwenye vibao vya udongo. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa unaimudu bila shida. Mtoto wetu na wenzake walikuwa wanacheza pale, wanaokota zile tone zilizoganda kwa sababu zinang'aa, wanazifanya gololi. Nilipoona gololi moja mfukoni mwa kaptula yake, nikasema huyu atapimwa damu.

Haikuwa rahisi. Maabara tatu zilinijibu kwamba hazipimi risasi. Ya nne ilikubali kuchukua damu, ikasema sampuli itasafirishwa nje ya nchi, tusubiri wiki mbili. Jibu: mikrogramu 11 kwa desilita. Kwa wasioijua namba hiyo, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na likishaona mikrogramu 5 linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Marekani, tangu mwaka 2021, wanaanza kumfuatilia mtoto kwenye 3.5. Mtoto mwenye 11 unaweza usione chochote. Anacheza, anakula. Kinachoguswa ni ubongo unaokua, na utakiona darasani miaka inayofuata, wakati hakuna tena anayekumbuka gololi.

Nasema haya kwa sababu sitaki mtu asome barua hii akadhani metali nzito ni hadithi ya matapeli. Ni jambo la kweli, na ndiyo maana inaniuma kuliona limegeuzwa bidhaa. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwao, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Zamfara kule Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Na zebaki ipo, inatumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na imewahi kukutwa kwenye krimu za kujichubua. Kwa hiyo anayeuliza kama ana metali mwilini anauliza swali halali. Anastahili jibu la halali.

Na jibu la halali mara nyingi siyo chupa. Kwa mikrogramu 11 mtoto hapewi dawa ya kuvuta risasi. Dawa hizo, ambazo madaktari huanza kuzifikiria mtoto akifika mikrogramu 45, zina hatari zake. Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu, wawili wao watoto wadogo, walikufa baada ya kutundikiwa dripu ya aina hiyo, kalsiamu ya damu iliposhuka ghafla. Ninaposikia mahali wanatangaza dripu ya "kusafisha damu" huwa nawakumbuka hao. Sisi tuliambiwa tuondoe chanzo, tumlishe. Nilimwendea mzee wa chubwi nikiwa na karatasi ya majibu, nikamwita pembeni, nikamsomea. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama na wajukuu wake wapimwe. Siku ya tatu jiko lilihamishwa mbali na nyumba, na ua ukachotwa udongo wa juu. Binti ya dada sasa hafagii kavu, anapiga deki kwa maji ili vumbi lisiruke. Mtoto ananawa kabla ya kula, anapewa dagaa, maharage, mchicha na maziwa, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu ndio unaoifyonza risasi kwa pupa.

Kuna neno gumu nalazimika kuwaambia wenzangu wa hospitali na maabara. Nilimuuliza dada kwa nini alimwamini yule kijana. Alisema: "Alinikalisha, akaniita mama, akanieleza karatasi zote 14 moja moja." Dakika arobaini, Mhariri. Sisi karatasi tunaisukuma dirishani. Mgonjwa anaikunja, anaipeleka kwa daktari, daktari anaitazama na kusema "sawa". Mtu amekaa na sukari miaka 12 na hajawahi kuambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka namba yake maana yake nini. Nilikuwa mmoja wa waliokaa nyuma ya dirisha hilo, na nikihesabu watu niliowasukumia karatasi bila neno nakosa usingizi. Waliobaki kazini wanaweza kubadilisha hili kesho asubuhi bila kusubiri bajeti. Na risasi, tafadhali, watoto wa jiji lenye mafundi betri kila mtaa wasisubiri sampuli ipande ndege.

Ombi langu kwako ni dogo. Yupo afisa wako anayepokea matangazo na pesa zake. Mpe maswali ya kumuuliza kila anayeleta tangazo la vipimo: damu au mkojo unachukuliwa? Unapelekwa maabara ipi, na maabara hiyo imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya? Anayesaini majibu yuko kwenye orodha ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya? Kifaa chenyewe kinatambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Mwenye maabara ya kweli atajibu palepale na vyeti atavileta. Mwenye fimbo ya chuma atakuuliza kwani tangazo ni shilingi ngapi.

Tangazo lile lilitoka tena Jumanne iliyopita, ukurasa ule ule. Nimelikata na kulibana pamoja na barua hii, pamoja na nakala ya majibu ya dada, ya fimbo na ya damu, kwa ruhusa yake, ili uyaweke mezani kwako uyalinganishe mwenyewe. Mtoto atapimwa tena mwezi ujao.

Wako,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam.
(Jina langu na namba ya simu mhariri anavyo.)